Karatasi ya Ukoo wa Filomena

Mradi wa Maji, Kilosa
7 Juni 1999

Kwa Bibi Costancia,

Shikamoo Bibi. Natumaini kifua kimetulia na ile dawa niliyompa Mama akuletee unaimeza mwenyewe, huigawi kwa majirani. Mimi mzima, ila kichwa kinaniuma kwa kukodolea kompyuta macho kutwa.

Mama ameniandikia kutoka Mikumi kwamba kibanda chake cha chai kimepigwa X nyekundu. Barabara inapanuliwa na vibanda vyote vya upande ule viondoke kabla ya mwezi wa kumi. Ameniambia na habari za huko kwetu Kisanga: mwekezaji anataka bonde lote la chini alime vitunguu, na kamati ya ardhi ya kijiji imesema kila ukoo ulete karatasi ya watu wake, wamepangwa vizuri, ndipo upimiwe sehemu yake. Asiyekuwemo kwenye karatasi hapimiwi. Mama anasema akipata kipande chake bondeni ataachana na barabara, arudi kulima. Pengine pa kwenda hana.

Bibi, karatasi hiyo nitaitengeneza mimi. Hapa mradini kuna programu ambayo fundi wetu, Yared, amenifundisha. Kazi yake ni kupanga mambo kwa vichwa. Unaandika kichwa kikubwa, chini yake vichwa vidogo, na chini ya hivyo vingine vidogo zaidi. Ukifunga kichwa, vyote vya chini yake vinajificha, ukifungua vinatokea. Ukikihamisha, vya chini vinakifuata. Mimi naitumia kupanga maagizo ninayoiandikia kompyuta, maana yamekuwa marefu kuliko kitabu na bila vichwa napotea humo. Halafu inachora. Chemchemi inakaa juu, inafuata tanki, yanafuata mabomba, na vijiji vinakuwa chini kabisa, kama mti uliopinduliwa mizizi ikaangalia mbinguni.

Mti wa kwetu nimeshauanza. Juu nimemweka Babu Danieli. Chini yake Mjomba Urbanus, Mama, na Mjomba Onesphory, kisha watoto wao wote. Niandikie majina niliyoyasahau, na uniambie karatasi inatakiwa lini.

Barua hii inapita kwa Mama hapo Mikumi kama zote, naye ataikabidhi basi la Kisanga.

Mjukuu wako,
Hildegarda


Kisanga
15 Juni 1999

Hildegarda,

Marahaba. Dawa ni chungu kama nyongo. Nimemeza nusu, nusu nimempa mke wa kaka yangu Kornelio maana naye anakohoa. Ndiyo, nimegawa.

Sasa nijibu wewe. Nani amekufundisha kumweka Danieli juu?

Danieli alikuwa mume wangu na sikupata kumjutia hata siku moja, lakini alikuja hapa kutoka Berega na jembe moja na kapu la nguo. Bonde ni la mama yangu Filomena, na kabla yake la mama yake. Sisi Wavidunda mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mkubwa wake ni mjomba wake. Umezaliwa humu, umekula humu, umepigwa humu, halafu unapeleka karatasi inayosema sisi ni watu wa Danieli? Kamati wakiisoma hiyo watatuambia twende tukapimiwe Berega. Ndiyo shule yenyewe hiyo? Mimi nimesoma kisomo cha watu wazima miezi minane, ubao tukifuta kwa majani, lakini sijasahau nilikotoka.

Andika hivi. Filomena juu, peke yake, asikaliwe na mtu kichwani. Filomena amezaa watatu: Kornelio, mimi, na marehemu Kasiani. Watoto wa Kornelio ni wa ukoo wa mama yao, usiwaweke, hata wakija kwako na kuku. Kasiani hakuzaa. Mimi nina Urbanus na Onesphory. Watoto wa Urbanus pia watoe, wana kwao kwa mama yao, wana na ardhi nzuri kuliko hii.

Ukimaliza hapo umemaliza.

Karatasi Kornelio ataisoma mbele ya ukoo Jumamosi ya tarehe ishirini na nne Julai, nyumbani kwake, kisha ndiyo iende kamati. Ujue watu wa nyumba ya pili, wale wajukuu wa dada yake Filomena, wanazunguka kama kunguru. Tumbo la Filomena likikosa mtoto wa kike wa kuliendeleza, bonde ni lao. Kornelio naye amekuwa kama karani wa sensa, anapita kila nyumba anauliza nani alizaliwa mwaka gani na wapi. Kwangu amekuja mara mbili. Nimempa uji akanywa akaondoka.

Hiyo habari ya kufunga kichwa watu wakajificha sijaipenda. Lakini kama inafanya kazi, fanya.

Kula vizuri. Mara ya mwisho ulikuja hapa shingo kama ya korongo.

Bibi yako,
Costancia Filomena


Kilosa
24 Juni 1999

Shikamoo Bibi,

Umenipiga na nimepigika. Nisamehe. Nimemtoa Babu juu nikampandisha Bibi mkubwa Filomena. Ningekuwa nimechora kwa rula ningeanza upya siku nzima, lakini kwenye programu nilikivuta kichwa kimoja tu, na kila mtu akamfuata mama yake kwenda mahali pake. Yared alikuwa nyuma yangu akasema ukoo wenu unahamishika kirahisi kuliko mabomba ya Ulaya.

Ila Bibi, kwenye barua yako umemsahau Mama. Umewataja Urbanus na Onesphory, Salome hukumtaja. Nikacheka, nikasema ni uzee. Nimemweka mwenyewe chini yako, na mimi chini yake. Nikiutazama mchoro sasa naona nyumba nzima ya Filomena inaning'inia kwenye kijitawi hicho kimoja cha wanawake: Filomena, wewe, Mama, mimi. Kikikatwa hakuna kitu.

Sasa kuna jambo dogo. Kwa miaka ya kuzaliwa nilimwomba Mama vyeti vya ubatizo, akanitumia vya wote watatu kutoka kwenye lile bati lake la majani ya chai. Na kwenye maagizo yangu ya mradi kuna kichwa kimoja kinachokagua tarehe, kwamba bomba lisiandikwe limefunguliwa kabla ya tanki lake. Nikakinakili kichwa hicho kwenye ukoo, nikakibadilisha kidogo, kikague kwamba watoto wa tumbo moja wamepishana miezi inayowezekana. Nilikuwa najaribu tu.

Kompyuta ikaandika: Kosa, Salome.

Mjomba Urbanus amezaliwa 9 Oktoba 1956. Mama amezaliwa 2 Machi 1957. Miezi mitano, Bibi. Bila shaka padri alikosea kimoja. Niambie ni kipi nikirekebishe.

Hildegarda


Kisanga
30 Juni 1999

Hildegarda,

Mashine haijawahi kuzaa. Isinifundishe.

Padri yule alikuwa na homa mwaka mzima, akiandika mkono unatetemeka. Cheti cha mama yako ndicho kibovu. Andika 1958. Andika uache.

Na usimuulize mama yako. Barua hii nimempa mwalimu anayekwenda Kilosa moja kwa moja, nawe usiniandikie tena mambo haya kwa njia ya Mikumi. Bahasha zako zinafunguka gundi, hii ya juzi imefika mdomo wazi kama samaki. Mama yako ana kazi yake ya kuuza chai na ana X yake ukutani, inamtosha.

Kornelio amekuja tena leo. Safari hii hakutaka uji. Amekaa kwenye kigoda akaniuliza tulirudi lini kutoka kambi ya mkonge, na Salome alikuwa mkubwa kiasi gani tuliporudi. Nikamwambia muulize ng'ombe wako, mimi nina mtama wa kupura.

Fanya nilivyosema.

Bibi yako


Kilosa
6 Julai 1999

Bibi,

Shikamoo. Barua hii haipiti Mikumi. Anakuletea Yared mwenyewe, anakuja Kisanga na gari la mradi kukagua kisima cha shuleni. Jibu mpe mkononi. Ni mtu mzima na hana udadisi, akipewa mihogo anakaa kimya.

Bibi, siwezi kuacha. Nikilala inanijia, nikiwa ofisini nafungua kile kichwa, nafunga, nafungua. Nimewaza kila namna na imebaki namna moja. Babu Danieli alikuwa mkata mkonge kule Kimamba. Kambi za mkonge zilijaa watu wa kila kabila, na vijana. Nadhani Babu alizaa nje, na mtoto akaletwa kwako, nawe ukamlea kwa heshima yake. Kama ni hivyo sikuulizi zaidi na wala simlaumu marehemu.

Lakini ukoo ni wa mama. Kama Mama ni wa Babu na mwanamke mwingine, basi si wa tumbo la Filomena, na nikiandika 1958 nimepeleka uongo mahali ambapo kijiji kitagonga muhuri. Watu wa nyumba ya pili wakija kujua, Mama atatolewa bondeni akiwa ameshapanda.

Niambie kweli nijue naandika nini.

Hildegarda


Kisanga
10 Julai 1999

Hildegarda,

Fundi wako yupo uani anakula mihogo. Nimemwambia asubiri hata kama jua litazama, na yeye amesema hewala mama, kisha akaomba chumvi.

Nimeisoma barua yako nikatamani uwe karibu nikuchape. Nilikuwa nimeapa kukaa kimya mpaka kaburini na ningekaa. Lakini Danieli hawezi kujitetea. Danieli hakupata kulala nje ya nyumba yangu ila siku alizolala kituo cha treni akisubiri mshahara wa kambi. Umemchafua mtu msafi. Kwa hiyo nisikilize, na hili neno la nje ulifute kichwani mwako leo hii.

Kwenye kambi ya mkonge chumba cha pili kutoka chetu walikaa watu wa Tukuyu. Mume akiitwa Lupakisyo, mke akiitwa Tusekile. Lupakisyo na Danieli walikata mstari mmoja, mmoja akiumwa mwingine anamjazia mafungu yake. Tusekile alikuwa mrefu, anacheka na kufunika mdomo kwa kiganja. Aliucheka ugali wangu mwaka mzima. Kiswahili kilikuwa kinampiga chenga, mimi lugha yao sikuijua, tukaelewana hivyo hivyo.

Alijifungua Machi. Siku ya tatu akafa. Mtoto alikuwa hai, analia, na Lupakisyo amekaa kwenye kizingiti amempakata, hajui amgeuzie wapi. Urbanus wangu alikuwa na miezi mitano na maziwa yalikuwa yananichuruzika mpaka kwenye kanga. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilimchukua mtoto mikononi mwake nikakaa chini pale pale nikamnyonyesha, hata mama yake hajazikwa. Huyo ndiye Salome.

Lupakisyo alikuja kumtazama kila Jumapili. Mwaka wa pili akasema anakwenda kwao kumleta dada yake aje amchukue mtoto. Hatukumwona tena, wala habari zake. Danieli alituma barua tatu.

Tuliporudi Kisanga mwaka wa sitini, watoto wawili wanakaribia urefu mmoja. Mama yangu Filomena alisimama mlangoni. Alimnyanyua Salome kwanza, Urbanus akamwacha chini analia, maana sikuwa nimempatia mjukuu wa kike na ndicho alichokuwa anakitaka. Akaniuliza, wote wako? Nikamwambia wote.

Basi. Ni neno hilo moja tu.

Kwetu mtoto wa kulea anaingizwa ukoo. Unapikwa uji wa mtama kaburini, mjomba anamshika mkono, anamtaja kwa waliolala pale, mtoto anakunywa, imekwisha. Ni kazi ya asubuhi moja. Ningesema siku ile, Kornelio angemshika mkono Salome akiwa wa miaka mitatu na wewe leo usingekuwa unabishana na mashine. Lakini ningesema, wake za kaka zangu wangesema Costancia kaenda kwenye mkonge kaokota mtoto. Sikutaka mtu amwite mwanangu wa kuokota. Na sikutaka mtu aniambie mimi, Costancia, kwamba nimeshindwa kupata wangu wa kike. Kila mwaka uliopita neno likawa zito zaidi, na mimi nikawa sitaki zaidi.

Sasa umejua, na umejua kwa nini kwenye barua yangu ya kwanza kalamu iliruka jina lake. Andika 1958. Kornelio hana cheti, ana maswali tu. Mama yako asijue.

Bibi yako,
Costancia

Fundi amemaliza mihogo yote. Mwambie yule kijana aoe.


Kilosa
16 Julai 1999

Shikamoo Bibi,

Nimesoma mara tatu. Namwomba Babu msamaha, na wewe pia.

Nilifanya ulivyosema. Niliandika 1958. Kompyuta haikulalamika tena, lile neno Kosa likatoweka. Nikakaa naitazama karatasi safi na moyo ukawa mzito kuliko siku iliponiandikia kosa. Sasa ilikuwa safi kwa sababu mimi nilikuwa nimeidanganya.

Halafu nikakumbuka kitu kinachonisaidia kwenye maagizo ya maji. Kuna agizo moja linalohitajika chini ya vichwa viwili. Huliandiki mara mbili. Programu inakuruhusu kuliweka lile lile pawili, likawa hapa na likawa kule, ni moja. Ukilirekebisha huku limejirekebisha na kule. Nikajaribu kwa Mama. Nimemweka chini ya Lupakisyo na Tusekile, pembeni, na nimemweka chini yako, na tarehe yake ya kweli. Nikiandika kitu upande mmoja kinatokea na upande wa pili. Ni Salome mmoja.

Nimetoa karatasi zote mbili kwenye printa, ile ya 1958 na hii. Ni ndefu, kurasa tano tano zimeshikana. Sitakuchagulia. Yared anakuja tena Jumanne na atakukabidhi wewe mwenyewe. Peleka kwa Babu Kornelio utakayoona.

Lakini ukiniuliza mimi, Bibi, uji wa mtama bado unapikika.

Hildegarda


Mikumi
20 Julai 1999

Mama,

Shikamoo.

Gari la mradi limekatika springi hapa stendi. Yared akaniachia bahasha, akasema ni ya Bibi yake Hilda, nawe ni mwanaye, ni yale yale. Nimeifungua. Sikufikiria mara mbili, maana sikuwahi kujua kama una kitu ambacho si changu.

Nimezitandaza karatasi juu ya meza ya chapati. Kwenye moja mimi ni mdogo kwa mwaka mzima. Kwenye nyingine nipo mara mbili. Na barua ya Hilda ipo ndani, nimeisoma mpaka ilipoishia uji.

Wateja walikuwa wananiuliza chai. Nilimwambia mmoja ajimiminie.

Tusekile ni nani? Nauliza hivyo kwa sababu nina miaka arobaini na miwili na nimelisoma jina la mama yangu kwenye karatasi ya mashine.

Nakutumia zote mbili kwa basi la kesho. Nisubiri usinisubiri, Jumamosi siji.

Salome


Kisanga
25 Julai 1999

Salome mwanangu,

Marahaba.

Jana nilipeleka ile uliyo mara mbili. Ya 1958 nimewashia jiko.

Kornelio aliisoma kwa sauti, kidole kinatembea kwenye karatasi. Nyumba ya pili walijaa, wengine wamekaa mpaka kwenye kinu. Alipofika kwenye jina lako akasimama, akavuka upande wa pili wa karatasi, akalikuta tena. Akavua miwani. Akaniuliza, "Costancia, huyu umemzaa?"

Nikasimama, magoti haya unayoyajua. Nikamwambia, "Sikumzaa. Nimemnyonyesha, nikawadanganya."

Wanawake wa nyumba ya pili wakacheka, mmoja akapiga vigelegele vya kunikejeli. Nikawaacha wamalize. Nikaeleza yote, kambi, Lupakisyo, mlango wa mama, neno nililosema. Kornelio hakukasirika na wewe. Alikasirika kwa sababu ni yeye aliyepaswa kukushika mkono na mimi nilimnyima. Alisema nimemfanya mjomba wa uongo miaka arobaini bila yeye kujua. Kisha akawageukia wale akasema mtoto wa kulea anaingizwa, mila haikuweka umri, na mwenye kupinga aseme. Walipinga sana. Mwisho wamekubali hivi: kabla kamba ya kupimia ya kamati haijafika kwetu, Ijumaa ya tarehe sita Agosti, uje mwenyewe kaburini kwa Filomena, unywe uji, ushikwe mkono. Hakuna wa kuja kwa niaba yako. Usipokuja jina linakatwa, lako na la Hildegarda, na bonde ni la kwao.

Umeniuliza Tusekile. Alikuwa mrefu kama wewe. Mguu wa kushoto unavyoutupa ukitembea ni wake, nimeutazama miaka yote nikinyamaza. Alisuka nywele zangu Jumamosi ya mwisho kabla hajajifungua, na baada ya kumzika sikuzifumua kwa muda mrefu sana mpaka Danieli akasema zinanuka. Kaburi lake liko nyuma ya kambi, upande wa reli, nitakupeleka nikuonyeshe kama mkonge haujalifunika.

Sikuombi msamaha kwa kukunyonyesha. Nakuomba kwa hilo lingine.

Mama yako, kama bado unataka niandike hivyo,
Costancia


Kisanga
9 Agosti 1999

Hildegarda,

Marahaba, najua umeamkia huko. Usije tena na maswali, nakuandikia yote hapa.

Mama yako hakunijibu. Siku nane nilikwenda barabarani kulingoja basi na kila siku kondakta ananionyesha viganja vitupu. Jumatano nikapanda mwenyewe. Nilifika Mikumi kiuno kimekufa ganzi, nikaingia kibandani kwake nikakaa kwenye benchi kama mteja, kati ya dereva wa lori na mama mmoja mwenye kuku. Mama yako akaniona. Akaweka kikombe mbele yangu na chapati moja, akaenda kuhudumia wengine. Shikamoo yake ilikuja nimeshafika nusu ya kikombe, akiwa amenipa mgongo. Nikaipokea. Nikamwambia chai ina sukari nyingi. Akasema waliozoea wanaipenda. Ndiyo maongezi yetu yote. Nilimwekea kwenye meza majina ya watu wa Lupakisyo niliyoyakumbuka, nimeyaandika usiku uliotangulia kwa mkono wangu, nikaondoka. Njiani nilijitukana tangu Mikumi mpaka nyumbani.

Ijumaa nikaamka nikapika uji. Kornelio alikuja mapema amevaa koti la harusi ya Urbanus. Alikaa kwenye jiwe la pembeni ya kaburi la mama. Kamba ya kamati ilianzia kwa jirani, ikaja inakaribia. Karani wa kamati anasoma majina, watu wanaitika, vigingi vinagongwa. Nyumba ya pili wamesimama kwenye tuta wote, hata wale wasiokwenda misibani. Uji ukaota ngozi juu. Nikaukoroga. Ukaota tena. Kornelio akatazama jua, nikamwambia akiangalia jua mara nyingine nitamtoa macho.

Tukasikia lori la vitunguu linasimama juu barabarani.

Alishuka na kanga ya kazini, unga wa chapati kwenye viwiko. Akateremka bondeni anautupa ule mguu wake. Alimwamkia Kornelio kwanza, kama inavyotakiwa, kisha wakubwa wote wa nyumba ya pili, mmoja mmoja, na wao ikabidi wapokee. Mimi aliniamkia mwisho. Kornelio akamshika mkono. Alimtaja kwa mama na kwa mama wa mama, akasema, huyu ni Salome, mtoto wa Tusekile wa Tukuyu, amenyonyeshwa na Costancia wenu, tunawaletea. Mama yako akapiga magoti akanywa uji wote, na ulikuwa umepoa na una mabonge.

Hapo karani akafika na kamba yake na karatasi yako. Akatafuta jina. Akasema huyu mtu yuko mara mbili, utaratibu hauruhusu, akatoa kalamu alikate moja. Akauliza akate lipi. Watu wote wakanitazama mimi, sijui kwa nini, kama vile kalamu ninayo mimi.

Mama yako bado alikuwa amepiga magoti. Akamwambia, "Usikate. Hapo pote ni mimi."

Karani akabisha, akasema itamletea shida ofisini. Kornelio akamwuliza kama shida hiyo inazidi ya kutembea mpaka nyumbani bila kamba yake. Akaandika. Kigingi cha kwanza kimegongwa pale unapoanzia mfereji, cha mwisho karibu na kile kichuguu. Ni pakubwa. Nyumba ya pili wameondoka bila kuaga na mmoja amesahau jembe lake, sijampelekea.

Mama yako alivitembelea vigingi vyake vyote, akasukuma kila kimoja kwa mguu kuona kama kimeshika. Hakuingia ndani. Nilimwambia kuna chakula, akasema lori linamsubiri. Hakuniita Mama, wala hakuniita Costancia, alisema tu nakwenda. Aliulizia mvua za kwanza huku zinaanza lini, maana huko barabarani mtu anasahau. Nikamwambia Novemba mwishoni, zikichelewa Desemba. Akasema atakuja kupanda.

Hakusema anakuja kwangu. Amesema anakuja kupanda. Haya, na aje kupanda. Kuanzia kesho nakwenda kung'oa magugu upande wake, na siku atakapofika atanikuta humo humo.

Bibi yako,
Costancia Filomena